Mkamwana, Baba Mkwe na Choo Kimoja

Siku mliponiaga mlinipa sufuria za kutosha kufungulia hoteli, mkanivisha kitenge, mkaniimbia, kisha yule mwenzenu wa maabara akasimama akasema, "Sista Luvanda, tuandikie basi uliyoyaona kazini, sisi wadogo zako tujifunze." Nilidhani ni maneno ya sherehe. Kumbe mlimaanisha, maana tangu nistaafu hakuna wiki inayopita bila mtu kunipigia simu: "Sista, umefika wapi?" Haya, nimefika hapa.

Sitawaandikia nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa, nikashukuru, yakaisha. Nitawaandikia habari za tumbo, maana ndimo nilimozeekea, kliniki ya tumbo Iringa na baadaye Mbeya. Na nitasema ninachokijua juu ya lile swali mnalogombania kila mkikaa kunywa chai: mtu mwenye ugonjwa wa utumbo usioisha, je, hofu na mawazo vinahusika, au tunamsingizia tu? Daktari Komba atasoma haya na atakasirika. Akasirike. Yeye ni Mngoni, mimi ni Mhehe, tumetukanana kwa heshima miaka yote, hatutaanza kununiana leo.

Mimi ni mzaliwa wa Ipogolo, pale chini barabarani, malori yanapopumzika kabla ya kupanda kwenda Iringa mjini. Nilipomaliza unesi nilipangiwa kazi hukohuko Iringa, chini ya Matroni Mlowe, mama wa Kibena, mfupi, mwenye viatu vilivyosikika kabla yake. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kupokea choo cha wagonjwa kwa ajili ya vipimo. Mtu aliambiwa alete kidogo tu, na wengi walileta kwenye kiberiti kitupu, mambo ya zamani hayo. Mzee mmoja mkulima nilimweleza vizuri kabisa, akaitikia, kesho yake akaja na kopo la rangi limefungwa kwa kitambaa cheupe kama kikapu cha posa.

"Baba, mbona kingi hivi?" nikamuuliza.

"Mwanangu, nimeona nisije mikono mitupu. Humo kuna changu, cha mama, na cha shemeji yangu. Mtupimie wote, nauli ni hiyohiyo."

Nilianza kucheka. Matroni akanishika mkono akaninong'oneza, "Usicheke mbele ya mgonjwa. Kachekee stoo." Nikaenda stoo. Nikamkuta mtu wa maabara yuko kule tayari, ameegemea maboksi ya pamba, anafuta machozi.

Matroni Mlowe ndiye aliyenifundisha kumuuliza mtu habari za choo bila yeye kuona aibu wala mimi. Alisema ukiuliza ghafla, mtu atasema "kawaida" hata kama anakufa. Uingize katikati ya salamu. "Kamwene. Za nyumbani? Watoto wazima? Mvua huko kwenu? Mahindi? Na choo je?" Hapo mtu anajibu tu, ameshashika mwendo. Akishajibu, uliza rangi, uliza damu, uliza kama kinamwamsha usingizini. Na uliza mpaka mwisho, usimkimbie mgonjwa kwa sababu wewe ndiye unayeona haya. Hilo ni somo ambalo nimewafundisha wengi wenu, na baadhi yenu mpaka leo mnamuuliza mgonjwa huku mnaangalia dirishani.

Lakini Matroni alikuwa na ugonjwa wake mmoja: kwake kila tumbo lilikuwa mawazo. Ukija unaumwa tumbo, swali lake la kwanza ni "Nani kakuudhi?" Kukawa na mwalimu mmoja kijana, ametoka pande za Kilolo, anaendesha damu kwa miezi, amekonda mpaka mkanda umezunguka mara mbili. Mchumba wake alikuwa ameolewa na mtu mwingine muda mfupi kabla. Basi kesi ikawa imekwisha! Zahanati walisema ni mawazo, kanisani walisema ni mawazo, mama mwenye nyumba alisema ni mawazo. Matroni naye alimwambia amsahau yule binti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akamtafutia mwingine: mtoto wa dada yake.

Mwalimu akawa anakuja kliniki, anaongea na huyo mtoto wa dada kwenye benchi, anatabasamu, kisha anakimbilia chooni na damu ni ileile. Alipofika daktari mgeni mwenye ile mashine ya kamera, mpira mrefu unaoingizwa kwa njia ya nyuma na picha ikaonekana kwenye kioo, tukamwekea mwalimu. Jamani! Utumbo mpana wote ulikuwa vidonda vitupu, unavuja damu ukiguswa kidogo. Daktari akasema ugonjwa huu ni kinga ya mwili inayougeukia utumbo wa mwenyewe, na mchumba hahusiki. Matroni aliangalia kioo. Halafu akasema, "Tumempa mke badala ya dawa."

Alipewa dawa akapata nafuu kubwa. Na yule mtoto wa dada, mwalimu alimwoa vilevile. Matroni akawa anawaambia watu kuwa vyote viwili vilifanya kazi. Ila mimi nilijifunza, na ninyi mjifunze: usimwambie mgonjwa "ni mawazo tu" kabla hujamtazama ndani. Hilo neno "tu" limewaumiza watu wengi kuliko amiba.

Baadaye mume wangu alihamishiwa Mbeya nami nikamfuata, nikaangukia kwa Daktari Komba. Yeye alikuwa upande wa pili kabisa. Kwake mawazo hayakuwepo duniani. Kilichokuwepo ni kidonda, na kidonda kina dawa. Mtu akianza kueleza kuwa tumbo lilianza baada ya kugombana na kaka yake, Komba anamwambia, "Mzee, utumbo haumjui kaka yako." Mimi namwambia, "Mtani, wewe unamjua mgonjwa kuanzia kiunoni kwenda chini tu." Yeye anajibu, "Na wewe Mhehe unataka tutibu ukoo mzima." Hivyo ndivyo tulivyoendesha kliniki, na wagonjwa walipenda, wengine walikuja mapema wapate nafasi ya mbele.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandaa wa kamera. Mnajua ile dawa ya kusafisha tumbo, ya kuchanganya na maji mengi, unakunywa nyumbani karibu na choo. Narudia: nyumbani, karibu na choo. Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Madibira aliona ni kupoteza muda, akainywa yote stendi akisubiri basi, ili akifika Mbeya awe tayari. Basi lile lilisimama kwenye kila kichaka mpaka Igawa. Alituambia abiria hawakulalamika hata mmoja. Wao ndio waliokuwa wanampigia dereva kelele asimame.

Sasa nije kwa Atupele, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Atupele alikuwa fundi cherehani Mwanjelwa, mke wa Ambakisye fundi umeme, wanakaa Ilomba. Alikuwa na ugonjwa uleule wa yule mwalimu. Tulimjua muda mrefu, alikuwa mgonjwa mzuri, anakunywa dawa, anakuja tarehe yake, anatushonea na sare. Alikaa vizuri kwa miaka. Kisha mwaka mmoja, mara baada ya mvua za masika, akarudi ameisha. Damu, maumivu, shavu limeingia ndani, kile kitenge chake cha maua kimemzunguka kama pazia.

Komba akaongeza dawa. Haikusaidia. Akabadilisha. Ikasaidia kidogo, ikaacha. Akampa ile dawa ya maji ya kuingiza kwa njia ya nyuma, ambayo unalala nayo ubavu ikae ndani, kazi nzuri sana ile dawa. Mwezi uliofuata hali mbaya zaidi. Ndipo Komba akamkalisha akamwambia kweli: kama mpaka tukipiga kamera nyingine hakuna nafuu, tunampeleka Dar es Salaam wautoe utumbo mpana wote, na haja kubwa itatokea tumboni, kwenye mfuko, atakaouvaa chini ya nguo.

Wapo watu wanaoishi na ule mfuko vizuri kabisa, wanalima, wanacheza muziki. Tulimwambia. Lakini Atupele aliposikia habari ya mfuko hakulia kwa ajili ya kisu. Alisema kitu ambacho Komba hakukielewa: "Sasa, daktari, na huo mfuko nitaumwagia wapi?"

Komba akasema, "Chooni, mama. Kwani wengine wanamwaga wapi?"

Akazidi kulia. Komba akanitazama, mimi nikampeleka chumba cha sindano, nikafunga mlango, nikaanza salamu za Matroni Mlowe. Za nyumbani? Wazima? Kazi? Wateja? Na siku yako, tangu unaamka, inakwendaje?

Ikaanza kutoka. Asubuhi hali kitu. Anawahi Mwanjelwa kabla watu hawajaamka, anatumia choo cha sokoni. Mchana hali kitu, au anakula ndizi moja. Jioni anarudi, anapika, anawapakulia, yeye anasema ameshiba. Anajibana mpaka kunapambazuka. Na ile dawa ya kuingiza?

Akainama. "Sista, ile dawa inataka choo kiwe karibu."

"Si mna choo ndani?"

"Kipo. Ila nyumbani kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Baba."

He! Nikaelewa. Nimekaa Mbeya vya kutosha. Mkamwana wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hampi mkono. Wakiwa njiani, yeye anakata kona anaingia hata kwenye miiba. Hali mbele yake. Na habari ya kutumia choo kimoja, hiyo haitamkwi hata. Kule kwao Tukuyu mambo yalikuwa rahisi: nyumba ya mzee kule, nyumba ya kijana huku, migomba katikati, kila mtu na choo chake na amani yake. Lakini mke wa huyo baba mkwe, mzee Mwambene, alikuwa amefariki, mzee mwenyewe nyonga imemlegea, Ambakisye akamchukua baba yake akamleta Ilomba. Utamwachaje baba? Ilikuwa sawa kabisa. Ila ile nyumba ya Ilomba ina sebule, vyumba, jiko la nyuma, na choo kimoja, na mlango wa choo unatazamana na kiti cha mzee.

Nilimrudia Komba. "Mtani, nimepata ugonjwa. Uko sebuleni, umekaa kwenye kiti."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo hatumii dawa. Huo ndio ugonjwa wako. Hakuna dawa, hakuna nafuu. Usinichanganyie na mila."

"Na kinachomzuia kutumia dawa ni nini?"

"Ni mlango."

"Ni hofu, Komba! Anakaa siku nzima amekaza tumbo kwa hofu, hali, halali vizuri. Na siku mzee alipohamia ndipo damu ilipoanza kurudi, hata hiyo dawa ya kuingiza ulikuwa hujampa bado."

Akanyamaza. Mngoni akinyamaza, umepata pointi.

Nikamwita Ambakisye. Nilidhani ni jambo dogo: mwambie baba yako. Masikini, mwanaume mzima akashika kichwa. "Sista, nitaanzaje? Nimwambie baba yangu habari za choo cha mke wangu? Afadhali niguse waya wenye umeme." Akanisihi niende mimi. Mimi ni mtu wa mbali, mtu mzima, nesi, na Mhehe. Mhehe akivunja adabu ya Kinyakyusa watu wanasema hajui.

Nikaenda Jumamosi mchana. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, koti zito, kofia, fimbo katikati ya magoti, redio pembeni. Mzee wa kanisa, mrefu, amenyooka hata akiwa amekaa. Atupele alikuwa jikoni nyuma ya pazia, nasikia vyombo tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Sista?"

"Ndiye mimi."

"Mhehe?"

"Mhehe wa Ipogolo, baba."

"Haya," akasema. "Kila mtu na mahali alipozaliwa."

Ambakisye akasema anatoka mara moja kumwangalia fundi. Fundi gani, sijui. Fundi ni yeye. Tukabaki wawili. Nikakohoa nikaanza: "Baba, nimekuja kwa habari ya tumbo."

Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapunguza redio, akainama. "Nani kakwambia?"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

"Basi nisaidie, mwanangu. Limekaza. Limekaza kama jiwe la kusagia, siku nyingi sasa."

Kumbe anasema lake! Nikamwacha aendelee. Akasema chakula ni kizuri, mkamwana anapika ndizi vizuri kuliko hata marehemu, Mungu amsamehe kusema hivyo. Tatizo ni kile choo. "Nikiingia mle, na yeye akawa anakuja? Tukutane mlangoni, uso kwa uso, mmoja anatoka, mmoja anaingia? Mimi na mkamwana wangu! Sista, bora nipasuke."

"Sasa unakwenda wapi, baba?"

Akashusha sauti zaidi. "Pale grosari ya pombe, kona. Wana choo. Lakini ni cha wateja, lazima ununue kitu. Nanunua soda. Na ukinunua huwezi kuinuka uondoke kama mwizi, unakaa, unainywa. Halafu soda nayo inataka choo. Narudi tena." Akafuta uso. "Watu wa kanisa wameniona. Asubuhi niko grosari, jioni niko grosari. Walikuja hapa kundi zima, wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea pepo la ulevi."

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema amina. Ningesema nini? Kwamba nafuata choo?"

Wenzangu, nimefanya kazi nyingi ngumu. Nimeshika watu wakishonwa bila ganzi. Lakini kuzuia kicheko siku ile ilikuwa kazi kuliko zote, na nyumba ile haikuwa na stoo. Nilijifinya paja mpaka likavilia damu. Nilipopata pumzi nikamwambia kuwa mkamwana wake naye hakitumii. Anakwenda mpaka sokoni.

Tukageuka wote wawili tukauangalia ule mlango. Msafi, umepakwa rangi ya bluu, chini kuna kitambaa cha kufutia miguu kimekunjwa vizuri.

"Hakitumii?" mzee akauliza.

"Hakitumii."

"Na mimi sikitumii."

"Hukitumii."

"Kwa hiyo kinatumiwa na nani?"

"Ambakisye."

"Peke yake?"

"Peke yake, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Yule kijana anaishi kama gavana."

Hapo sasa nikaona nimweleze lililonileta. Nikamwambia Atupele anaumwa, si kidogo. Utumbo una vidonda. Chakula anakikwepa ili asihitaji choo, dawa haiweki kwa sababu inataka choo karibu, na siku nzima anajibana. Kama hali haibadiliki, watamkata, wautoe utumbo mpana wote.

Redio ilikuwa inaongea polepole peke yake.

"Ni mimi ninayemuua?" mzee akauliza.

Hili ndilo swali lenu, wenzangu, mnaloulizana kwenye chai. Mimi niliulizwa na baba mkwe, na mgonjwa mwenyewe yuko nyuma ya pazia anasikia. Nikamjibu kama ninavyowajibu ninyi: "Hapana, baba. Ugonjwa alikuwa nao kabla hujaja. Hofu haikuvileta vile vidonda. Lakini hofu inavichokoza, kila siku inavichokoza, na inamfungia mlango wa dawa."

"Sista," akasema, "mtoto huyu ananilisha tangu nilipokuja. Uso wake siujui. Naijua miguu yake, chini ya pazia, na mlio wa cherehani. Nikikutana naye sokoni nitampita. Ndiyo heshima yetu hiyo, na mimi sitaivunja, nitawaambia nini wenzangu? Lakini sikuja Ilomba kuua mtoto wa watu."

Akainuka, nyonga inamsumbua, akataka nimsaidie kugeuza kiti. Tukakigeuza mpaka kikautazama ukuta, penye kalenda ya kanisa. Akakaa, mgongo kwa choo, mgongo kwa jikoni. Akasema kwa Kinyakyusa kwa sauti kubwa, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu:

"Wewe ukuta! Nasema na wewe. Mwambie mwenye nyumba hii, choo ni chake. Mimi nikikaa hapa sina macho. Nikitaka kwenda mimi, nitagonga fimbo sakafuni, naye akae jikoni. Nikitoka, nitagonga tena. Basi. Umesikia, ukuta?"

Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka ukazunguka sana kabla ya kutulia. Kisha pazia likafunguka, nikaona kitenge cha maua kinapita nyuma ya kile kiti mbiombio, mlango wa bluu ukafunguliwa, ukafungwa, komeo likaingia. Mzee hakugeuka hata shingo. Alinyoosha mkono akaongeza redio. Kwaya ilikuwa inaimba. Majirani wote wa Ilomba walibarikiwa mchana ule.

Atupele alipotoka akasimama nyuma ya kiti, mbali kidogo, mikono ameikunja. Akasema, "Ndaga, tata." Asante, baba. Ambakisye aliniambia baadaye hilo ndilo neno la kwanza baba yake kulisikia kutoka kwa mke wake.

Sasa, msije mkasema Sista Luvanda kaponya vidonda kwa kugeuza kiti. Atupele alianza kuingiza dawa yake kama alivyoelekezwa, akaanza kula, akaanza kulala. Damu ilipungua polepole, wiki nyingine ikarudi, tukaogopa, ikapungua tena. Komba akasema, "Unaona? Dawa." Nikamwambia, "Unaona? Kiti." Akasema dawa ndiyo iliyofunga vidonda. Nikamwambia kweli, na dawa ile ilikuwa kabatini muda wote ikisubiri mzee ageuke. Tuligombana hivyo mpaka wagonjwa wakaanza kupiga kura. Ila nilimwona mwenyewe, siku moja anadhani sipo, anamuuliza mgonjwa mpya: "Damu ipo? Homa ipo? Na nyumbani choo kiko wapi, unakaa na nani?" Nilipita nikajifanya sijasikia. Akasema, "Kimbelembele chako, Mhehe."

Siku ya kamera ya mwisho, ile ya kuamua kama anakwenda Dar es Salaam kukatwa au la, Atupele alikuja na mumewe. Na nyuma yao, mbali kidogo, fimbo kwanza, mzee Mwambene. Alikataa kubaki. Korido ya kliniki ina benchi mbili zinazopeana mgongo. Mzee akachagua ya upande wa ukuta, akaketi, akautazama ukuta wa hospitali kama alivyozoea.

Ndani, Komba aliingiza kamera taratibu, sote macho kwenye kioo. Atupele alikuwa amefumba macho ananishika mkono, ananiumiza. Komba akaenda, akaenda, akasimama, akarudi nyuma, akaenda tena. Nikaona utumbo wa rangi ya waridi, makovu hapa na pale, damu hakuna. Komba akasema, "Hakuna cha kukata hapa." Alisema kwa hasira kidogo, ndivyo anavyofanya akitaka kulia.

Nilimtoa Atupele nikamkalisha kwenye benchi ile nyingine, mgongo kwa mgongo na mzee, kama urefu wa mkono mmoja katikati yao. Nikazunguka nikamwinamia mzee. "Baba, hawamkati."

Hakugeuka. Alishika fimbo kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, machozi yakamshuka kwenye lile koti. Baadaye akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, kimefungwa kwa leso, bado kina joto. Ndizi za kuchemsha na nyama. Alizipika mwenyewe, alfajiri, mwanaume wa Kinyakyusa wa umri ule, sijui alimuuliza nani namna ya kuwasha jiko.

"Mpe mkamwana wangu," akasema. "Hajala tangu jana kwa ajili ya hiyo mashine yenu. Mwambie ale. Mwambie ale ashibe, choo kipo."

Nikazunguka benchi. Nikamwambia Atupele, "Baba anasema ule. Ule ushibe, choo kipo." Alikuwa ameshasikia, na korido nzima ilikuwa imesikia. Akafungua kibakuli, akampa mzee mgongo, mzee naye amempa mgongo, akala mpaka kikaisha.